Sahani ya Jumapili Ambayo Sikuiandika

Yaya Béa, dada yangu mkubwa,

Naanza na habari ya mwili, maana ndiyo uliyokuwa ukiniuliza kwanza. Presha imeshuka. Nimepungua kilo kumi na moja tangu tukuzike. Lakini katikati nilikwama, na nataka nikueleze jinsi ilivyokuwa, kwa sababu na wewe umo.

Baada ya matanga yako daktari alinipima akakuta kilo tisini na nane, na presha kama ile iliyokuchukua. Nikaogopa. Nikapunguza bukari, ugali wetu wa kila siku, nikaacha sukari kwenye chai, nikawa naenda shuleni kufundisha kwa miguu. Kilo tisa zikatoka. Kisha mizani ikasimama. Wiki ya kwanza, ya pili, ya sita, themanini na tisa ileile. Nikadhani bado nakula sana, nikaacha chakula cha mchana. Haikusogea. Nikapunguza tena. Siku moja nikiandika ubaoni herufi zikaanza kucheza, nikajikuta nimekaa chini, watoto wa darasa la tatu wamenizunguka.

Muuguzi wa kituo cha afya, Mama Clarisse, hakunigombeza. Alinipa daftari. "Andika byote unakulaka, mama. Ata mafuta." Baada ya wiki akapiga hesabu: siku nyingi sikufikisha hata kalori elfu moja na mia mbili, nami nasimama mchana kutwa. Hakuelewa kwa nini sipungui. Akafunua kurasa moja moja. "Na siku ya yenga?" Ukurasa wa Jumapili ulikuwa mtupu.

Yaya, sikuuandika. Kila Jumapili baada ya misa nakwenda nyumbani kwako Makomeno. Binti yako Judith anapika sombe ya majani ya muhogo kama wewe, mawese yanaelea juu, samaki mkavu ndani. Nilikuwa nakula sahani mbili. Kisha ananifungia bakuli la kwenda nalo, nami nalimaliza Jumatatu na Jumanne, nimesimama jikoni na kijiko mkononi. Sikulihesabu. Kwangu hakikuwa chakula. Ilikuwa ni kukaa na wewe kidogo tu.

Nilimwambia Mama Clarisse hivyohivyo. Nililia. Kisha akanieleza kwamba mwili wangu sasa ni mwepesi, hauhitaji tena kiasi kile cha mwanzo, ila si kidogo namna nilivyokuwa nikiupa. Njaa ya siku zote ndiyo niliyokuwa nikienda kuishibisha Makomeno. Akaandika: elfu moja na mia sita kila siku, na Jumapili vilevile. Asubuhi yai na kiazi kitamu, mchana maharage, jioni bukari ya ngumi moja na mboga. Mafuta kwa kijiko, si kwa kumimina.

Kula zaidi siku nyingine hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni kumwambia Judith. Niliogopa ataona naikataa sufuria ya mama yake. Nilimwambia tukikata vitunguu. Akaweka kisu chini.

"Mama mudogo, ata miye ile sombe haipitake." Akagusa koo. "Nilikuwa napikia weye."

Tulicheka, naye akakishika kisu tena. Miezi yote hiyo, Yaya, kila mmoja alikuwa anamlisha mwenzake huzuni yake.

Sasa tunapika sufuria ndogo. Sahani moja kila mtu, tumekaa mezani. Juma lililopita tulikula mchicha wa lenga-lenga na samaki mbichi, tukakuzungumzia mpaka chai ikapoa. Wiki ya tatu mizani ilisoma themanini na nane. Jana, themanini na saba. Bado njia ni ndefu, ila sina haraka, na ubaoni herufi hazichezi tena.

Jambo la mwisho. Judith ameanza kushika kisogo chake kwa mkono, vile ulivyokuwa ukishika chako. Nikimuuliza anasema, "Itapita." Nawe ulinijibu hivyo mwezi mzima, nami nikakubali, kwa sababu kukubali kulikuwa rahisi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, na sijawahi kukuambia.

Alhamisi nampeleka kwa Mama Clarisse akapimwe. Ameshakataa mara mbili. Nitakaa mlangoni kwake mpaka avae viatu.

Pumzika, Yaya wangu. Huyu simwachi.

Mudogo wako,
Odette