Mrudishe Baba Yako Kisiwani

Keko, Temeke
Oktoba 1976

Kwako mwanangu Revelian,

Salamu zitakuja, kwanza kaa chini nikuseme. Nani alikutuma kupeleka maneno kwa Mchungaji Leonardi kwamba wazazi wako wamechoka? Mimi nilikuambia nimechoka? Ulikuja Mafia siku za Pasaka, ukala samaki wangu, ukalala kitandani kwetu sisi tukalala chini, ukasikia baba yako anakuita Didas, jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Basi ukarudi Morogoro kwenye ofisi yako ya reli ukajifanya mkubwa wa ukoo. Hukuniuliza. Mtu anayemng'oa mama yake nyumbani bila kumwuliza, hata kama amesoma, sijui amesoma nini.

Haya. Hujambo? Mkeo hajambo, na wajukuu zangu? Yule mdogo kifua kimepona? Mpake mafuta ya nazi niliyokupa, usiyaweke kabatini kama mapambo. Sisi tuko hapa kwa dada yako Felicitas, tunakula na tunalala, ila miguu yangu inavimba kwa kukaa bure. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo usianze kucheka herufi. Kisomo cha watu wazima nilikimaliza na cheti ninacho.

Nataka ujue umetutoa wapi, maana siku zile za Pasaka wewe ulikuwa unapunga upepo tu. Tangu mwaka wa Azimio, Kanisa lilipotutoa Bukoba likatupeleka kwa wafanyakazi wa mashamba ya minazi, siku yetu ni ile ile. Alfajiri baba yako anagonga ile rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ya kanisa. Mimi nawasha makumbi ya nazi, nabandika uji. Akishakunywa anachukua fimbo yake, anapita kambini kuangalia nani anaumwa, nani kagombana na mkewe, nani hakuonekana Jumapili. Mimi nabaki na kina mama, nawafundisha kushona, na wale wasioogesha watoto nawasema mpaka wanaogesha. Wengi wao ni watu wa kusini, Wakatoliki. Padre wao akifika wote wanatukimbia, akiondoka wanarudi kwetu na kukaa mabenchi yale yale kama hawakutoka. Nilipomwuliza mzee wao Kornelio kama hana haya, alisema njaa ya roho haichagui mpishi. Nilimwambia basi na yeye akate kuni.

Ndizi za kule nilizikataa siku ya kwanza. Nilipanda migomba yangu mwenyewe, niliyoitoa nyumbani imefungwa kwenye gunia, na sasa watu wanakuja kuomba miche kwa Mama Mwinjilisti. Jirani yangu Chausiku, mjane, ndiye aliyenifundisha kupika pweza, na mimi nikamfundisha ndizi. Sukari ikikosekana dukani, mwenye nayo anamgawia mwenzake. Idi tunakula kwake, Krismasi anakula kwetu, na mdomo wake ni mchungu kama wangu, ndiyo maana tunaelewana. Hayo ndiyo maisha uliyoyaita mateso.

Sasa nikueleze ya hapa. Baba yako akiamka anatafuta rimu. Keko rimu hakuna, kuna mafundi seremala. Siku za mwanzo alichukua mchi wa Felicitas akagonga pipa la maji la jirani kabla hakujapambazuka. Jirani akatoka na shuka, akauliza kama nyumba hii imeleta mzee au imeleta kengele. Balozi wa nyumba kumi akaitwa. Nikamweleza balozi kwamba huyu jirani kelele za redio yake tunazivumilia kila jioni, na yeye avumilie za Mungu. Felicitas akaniomba ninyamaze. Dada yako siku hizi ananiomba sana ninyamaze.

Mchana anakwenda kwenye vibanda vya mafundi kuwauliza kwa nini wanapiga randa Jumapili. Siku yenyewe ni Jumanne. Vijana wale wana adabu kuliko wewe. Wanamwambia tusamehe babu, tunamalizia kitanda cha mgonjwa, halafu wanampa kigoda na kumsikiliza akihubiri. Mahubiri yake yanaanza vizuri, kisha yanapotea, naye anabaki anaangalia mikono yake. Hapo wanasema amina, wanaendelea na kazi.

Wiki iliyopita hakuishia kwa mafundi. Mgambo walikuwa wanakusanya watu wasio na kazi ili wapelekwe mashambani. Wakamkuta barabarani kavaa kiatu kimoja, wakamwuliza kazi yake. Akawajibu kwamba kazi yake iko kisiwani na kengele imechelewa. Wakamwambia hata wao wangependa kazi ya kisiwani. Wakamwuliza anakaa kwa nani, hakujua. Wakampandisha kwenye lori pamoja na wavuta bangi. Tulizunguka kutwa nzima, mimi na miguu hii, mpaka fundi mmoja akatuambia alipoliona lile lori likisimama. Tulimkuta kwenye ua wa kituo chao, kakaa kwenye vumbi, anawaombea wale mgambo mmoja mmoja kwa kuwawekea mkono kichwani, na wao wamevua kofia. Walimwachia bila maneno. Mmoja alinipigia saluti, nikamwambia saluti aipeleke kwa mama yake.

Hayo najua Felicitas ameshakupigia simu ofisini. Nitakayokueleza sasa yeye hayajui, na nilikuwa nimeapa nisimwambie mtoto yeyote niliyemzaa.

Mahubiri ya Mafia, Revelian, si ya baba yako. Sasa ni mwaka wa pili. Yeye anavaa kanzu, anafungua kwa sala, maana sala ile imekaa kwenye ulimi wake haitoki. Akifika kwenye kusoma anasimama, anapapasa kurasa. Mimi niko benchi la mbele. Naanzisha wimbo, watu wanaupokea, na wimbo ukiisha mimi ndiye niliyesimama na yeye ndiye aliyekaa. Nasoma kwa kidole, neno kwa neno, kisha nawaambia ninayoyajua. Kuzika nimezika. Wagonjwa nimewakalia. Kanisa letu halijasema mwanamke afanye hayo, na mimi sikwenda kuliuliza. Kambi nzima inajua na hakuna aliyefungua mdomo. Hata mwalimu Fakihi wa madrasa anajua. Asubuhi moja baba yako alipotea njia akaingia msikitini, akavua viatu akakaa nyuma. Fakihi alimaliza swala yake, akamshika mkono akamleta mpaka mlangoni kwangu. Akasema mzee alikuja kuwajulia hali, wamefurahi. Hakuongeza neno, siku ile wala siku nyingine.

Nilificha kwa sababu nilijua yakifahamika tutaondolewa. Na mimi, nikuambie kweli, niliipenda ile kazi. Mtoto wa Kokushubila unashangaa nini. Nilipika uji wa wahubiri maisha yangu yote, nikasikia maneno mengi ya hovyo, na nilipopewa nafasi nilihubiri vizuri.

Lakini silii kwa ajili ya kuhubiri. Siku ile tulipomtoa kwa mgambo, Felicitas alitangulia kutafuta gari, mimi nikabaki naye getini. Nikamfuta vumbi usoni kwa kanga yangu. Akasimama wima, akakusanya mikono, akainamisha kichwa, akaniambia shikamoo mama. Kisha akaniuliza kwa heshima kama nimemwona mke wake, mwanamke mfupi, msemaji sana, ambaye lazima sasa hivi ana hasira.

Nilimwitikia marahaba. Nikamwambia mkeo nimemwona, anakuja. Tangu siku ile ananiamkia kila asubuhi, na usiku hataki nilale chumba kimoja naye kwa sababu yeye ni mtu wa ndoa. Nalala sebuleni kwenye mkeka. Felicitas anadhani ni joto.

Kule hakuwahi kunisahau. Alisahau siku, akakusahau wewe, akasahau Zaburi, mimi hakunisahau. Mwanamke aliyekaa mbele ya yale mafiga, chini ya ile migomba, anayemfokea kuhusu viatu, alijua ni mkewe, kwa kuwa kila kitu pale kilimwambia. Hapa jiko ni la Felicitas na ua ni wa watu. Hakuna kitu kinachomwambia mimi ni nani. Umeelewa ulichokifanya? Najua ulikusudia wema. Sijasema hukukusudia wema, nasema hukuuliza.

Mchungaji Leonardi ametuambia kijana mpya anapelekwa Mafia mwisho wa mwezi huu na nyumba ya misheni itakuwa yake. Nimefikiri sana juu ya hilo. Nyumba aichukue. Kanzu aichukue, na kwenye benchi la mbele amweke mtu mwingine. Chausiku ana chumba cha uani, na nilipokuwa nafunga mizigo aliniambia kipo wazi na ufunguo hautaki kuombwa. Kutoka chumba kile mpaka kwenye rimu ni hatua chache, na kijana huyo mpya nitamwomba jambo moja tu, amwachie mzee agonge. Akikataa atanijua. Kesho nakwenda mwenyewe kwa Mchungaji Leonardi kumwambia ni nani aliyekuwa anahubiri kule. Atakasirika, akasirike. Bora anitoe kwenye kazi kwa kusikia kutoka kwangu, kuliko nimdanganye ili anirudishie nyumba.

Msalimie mkeo, mwambie kitambaa alichonishonea nakitumia. Wabusu watoto. Wasalimie na majirani zako walionipokea nilipokuja huko, isipokuwa yule aliyesema chai yangu ina moshi.

Sasa sikiliza. Omba ruhusa kazini, ushike basi, na usishuke Kibamba kwa rafiki zako. Njoo moja kwa moja Keko kabla ya Jumamosi, siku ya boti. Mimi nitabeba mizigo, wewe utamshika baba yako mpaka tufike kwa Chausiku, maana mkono wa mama wa watu anaona haya kuushika. Na ukiingia hapa ndani akasimama, akakuinamishia kichwa, wewe aliyekuzaa mwenyewe, akakuambia shikamoo baba, usimkatalie na usikimbilie nje kulia. Mwitikie marahaba, umvalishe viatu vyote viwili, mtoke.

Mimi mama yako,
Kokushubila