Vidonge vya usiku

Mwamvita uko wapi?? Pokea simu!

Nilikuwa kwa wakwe hapa Uyole. Nikamsikia baba mkwe anakuja, na si unajua kwetu mkamwana haonani na baba mkwe, nikajificha nyuma ya jiko.

Kumbe yuko na Lutengano. Mume wangu!! Mzee anamuuliza, "Mkeo na kansa hiyo, viazi atavuna kweli?"

Unakumbuka Lutengano alivyombembeleza daktari anihamishie vidonge usiku, ili kichefuchefu na uchovu vinipitie nimelala? Nikakuambia huyu mwanaume ananipenda. Nililia, Mwamvita. Kwa furaha!

Basi anamjibu baba yake, "Ndiyo maana nikataka vidonge viwe vya usiku. Asubuhi anashika jembe kama kawaida."

Kama kawaida!

Mzee akacheka. "Na wewe usiku unafanyaje na mgonjwa?"

"Akishameza hasikii kitu. Nalala kwa Damari."

Damari!! Huyu jirani anayeniletea uji kila asubuhi, ananiita dada!

Nimeshampigia daktari, amekubali. Kuanzia Jumatatu vidonge vinarudi asubuhi.

Jembe akashike Damari.