Pamba ya Magese

Migato, Itilima

Kwa dada yangu Evalina,

Shikamoo dada. Natumaini wewe, shemeji na watoto hapo Nyashimo mmeamka salama, na ule mguu wako umepata nafuu. Sisi huku ni mhola, salama tu, tunapumua. Mgongo wangu ndio umekuwa kama mkwe, siinami bila kuuomba ruhusa. Mwanangu Rhoda anasoma vizuri, anakusalimia sana.

Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia, na simu yenyewe ni ya Magese. Dada, mume wangu huyo anataka kuoa mke wa pili. Alinitangazia kabla ya mvua za kupandia, jembe nikiwa nimelishika mkononi. Alisema ng'ombe wa mahari watatokana na pamba ya mwaka huu, kwa hiyo nijitahidi. Nikamuuliza kama ni mimi nitakayemlimia mke mwenzangu mahari. Akajibu kwamba shamba ni lake, na mwanamke aliyelipiwa ng'ombe hana la kuuliza. Sikubishana. Mtu akichoka, dada, hata kugombana ni kazi.

Basi nikalima. Shemeji yako unamjua, msimu mzima yuko mnadani, na asipokuwa mnadani yuko senta kwenye bao. Palizi kwake ni jambo la kusikia tu.

Juzi alikuja mzee Jilala, baba wa huyo binti, pamoja na ndugu zake, kuangalia kama mkwe ana uwezo. Magese akawatembeza mwenyewe, fimbo mkononi. Akawafikisha kwenye pamba iliyopasuka, nyeupe pee, akawaambia hilo ndilo jasho lake. Akawachumia kidogo washike. Mara akatokea Mama Ng'washi, mjane jirani yetu, akauliza kwa heshima zote ni nani anamchumia pamba yake. Mzee Jilala akamgeukia Magese, akataka kujua shamba lake yeye ni lipi. Magese akatazama kulia, akatazama kushoto. Dada, hakulijua. Wageni waliaga bila kugusa ugali wangu.

Magese alirudi kuwasindikiza amevimba kwa hasira. Alisema nimemdhalilisha kwa kutomwonyesha mipaka. Jumapili amewaita tena, pamoja na wazee wa ukoo, na ameniamuru niwaongoze mimi mpaka shambani. Hata baada ya aibu ile hajakwenda kuliangalia.

Sasa nikuambie nililokuficha hata wewe. Shamba letu halina mche hata mmoja wa pamba. Nilipanda viazi lote, kwa makusudi, mgongo wangu usimnunulie mwanamke mwingine mateso haya haya. Majirani wote wameona. Hakuna aliyemwambia, maana nani angedhani mtu hajui kilichoota shambani kwake?

Naogopa, sitakudanganya. Anaweza kunirudisha kwetu na kunizuia nisiondoke na Rhoda. Njoo Jumapili usimame karibu nami. Mimi nitawaongoza kama nilivyoamriwa, na jembe nitabeba, niwachimbie wageni wasiondoke tena na njaa. Magese akiuliza pamba yake iko wapi, nitamjibu ameshaila. Viazi hivyo anavila kila jioni, na hajauliza hata siku moja vinatoka wapi.

Msalimie shemeji, uwabusu watoto. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Milembe