Dubu wa Hatua Sita

Portage, Maine
20 Septemba 1987

Kwa kaka yangu mpendwa Armand,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii inakukuta wewe, Bernice na watoto mkiwa wazima, na kwamba goti limepungua kukusumbua tangu ubadilishwe zamu kiwandani. Sisi huku hatujambo. Gilman anakohoa kidogo, lakini ukimtajia daktari anaacha kukohoa papo hapo, basi mume wangu namhesabu kuwa mzima. Viazi tumechimba nusu. Mjomba Onésime ametimiza miaka sabini na tisa na bado anabishana na redio.

Najua hupendi habari za dubu. Miaka ishirini na sita sasa, kila nikiandika neno kambi unanijibu habari za mvua ya Hartford. Safari hii nivumilie usome mpaka mwisho, maana nina jambo la kukuomba: nataka urudi kambini. Si kwa mazishi. Urudi uwinde nasi kama zamani. Nikishakueleza yote huenda usitake hata kuniona, ndiyo maana naanza na ya kuchekesha.

Mwaka huu Mjomba alitangaza kwamba miguu yake imestaafu, akanikabidhi upinde wake na kiti chake cha chini, kile kilicho hatua sita tu kutoka kwenye pipa la chambo. Gilman hakuamini masikio yake. Akasema vijana wenye nguvu zao wanapanda juu ya miti na pinde za kisasa zenye magurudumu, itakuwaje mwanamke wa miaka arobaini na mitatu akae ardhini na kipande cha mti na ugwe. Mjomba akamjibu kwamba dubu hawezi kuujua umri wa mwanamke mpaka yeye Gilman aende kumwambia.

Wiki nne nilibeba donati zilizochacha na molasi mpaka gari likawa linanuka kama duka la mikate. Nyumbani nikapiga marufuku nyama ya kukaanga na sabuni ya kunukia. Ili dubu asininuse, nikaoga kwa magadi, nguo nikazianika msituni. Gilman akaenda kuwalalamikia majirani kwamba siku hizi analala na kisiki.

Siku ya tatu ya kukaa, kama saa kumi na moja jioni, akaja. Sikusikia hata jani. Niliinua macho tu, na pale palipokuwa na kivuli pakawa na dubu. Unaikumbuka kanuni ya Baba, kwamba usivute mpaka umsikie akitafuna. Nilimsikia vizuri mno. Alijibwaga kwa matako kama mzee aliyewahi kufika harusini, akawa anachomoa donati moja moja, sukari anailamba kwanza. Mbu akatua kwenye kope yangu, akanywa akashiba, nami nikamwacha. Kisha dubu akageuka, akanitazama, akanusa, akaona donati ni bora kuliko mimi. Sijui nicheke au nikasirike. Aliponyoosha mguu wa mbele kuelekea pipani, ubavu ukafunguka, nikavuta na kuachia.

Alikimbia. Nikasikia matawi yakivunjika, halafu kimya. Nilingoja nusu saa kama tulivyofundishwa, nikaenda kumwita Gilman, na tukamkuta hatua arobaini kutoka pale, amelala. Nikaweka mkono juu ya manyoya yake, nikalia. Nililia kwa furaha, na kwa kumhurumia, na kwa jambo jingine ambalo Gilman hakuliuliza.

Jumamosi tukakusanyika kambini. Mafuta yake nimeyayeyusha nikaoka pai, na mchuzi wa nyama tuliula kwa chapati zetu za ngano nyeusi mpaka sufuria ikabaki inang'aa. Ukuta ule unaujua. Kila aliyemkosa dubu alikatwa pindo la nyuma la shati, likapigiliwa msumari na jina lake. Kipande chako bado kilikuwepo, kile cha miraba myekundu, na mwandiko wa Baba: Armand, 1961, alivunja upinde. Mjomba akainua kikombe, akasema, “Clarisse kachukua mikono ya baba yake. Armand yeye alichukua mdomo tu.” Watu wakashika mbavu. Mimi nikasimama.

Kaka, wewe hukuuacha upinde wa Baba kwenye mvua ukiwa na ugwe wake, kama alivyokusingizia. Ni mimi niliyeuharibu. Jumapili ile wewe na Baba mlikwenda kujaza pipa, Gilman akaja kuleta mbao. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilitaka anione. Nikauangua ukutani, nikauvuta mpaka shavuni, nikauachia bila mshale. Unajua mwenyewe nguvu ile ikikosa mshale wa kuibeba huurudia upinde wenyewe. Mti ulilia kidogo tu. Gilman akapiga makofi, masikini, hakujua lolote. Alipoondoka nikaona ufa mwembamba chini ya mshiko. Nikaupaka nta ya mshumaa, nikautundika pale pale.

Kesho yake ukauvuta mbele ya dubu, ukakupasukia usoni. Damu ile niliiosha mimi, Armand, na nikanyamaza. Nikamsikia Baba akikuita mzembe, nikakusikia ukiapa kwamba huna kosa, nikanyamaza. Nilijiambia nitasema nyusi yako ikipona. Kisha nikajiambia nitasema ukija Krismasi. Ukaenda Hartford, Baba akafa, na mimi bado nanyamaza. Ningejua kwamba utakaa mbali hivi ningesema siku ile ile. Au labda nisingesema, maana nilikuwa mwoga, na sitaki kukudanganya tena. Naona aibu, kaka. Nisamehe ukiweza.

Haya niliyasema Jumamosi mbele yao wote, nimesimama. Hakuna aliyecheka. Gilman akasema polepole, “Kumbe nilipiga makofi.” Mjomba akainuka, akakichomoa kipande chako ukutani, akakikung'uta vumbi. Mtu akaleta mkasi, nami nikageuka nikawapa mgongo ili wakate pindo langu, dubu au si dubu. Mjomba akamzuia. “Weka mkasi chini. Shati hilo lina mwenyewe, na mwenyewe yuko Hartford.”

Basi ndani ya kifurushi hiki utakuta kipande chako, na shati langu la Jumamosi ile, zima. Likate unapopenda, hata shingoni. Ukiamua kulitupa na mimi pamoja nalo, nitajua nimelipata nililostahili. Lakini msumari umebaki mtupu ukutani, na Mjomba amekataza mtu kuutundikia hata kofia mpaka uje mwenyewe upigilie pindo langu. Msimu unafungwa mwisho wa mwezi, kiti cha chini nimekufagilia.

Msalimie sana Bernice, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Gilman anakusalimu, na anaomba radhi kwa makofi.

Nimebaki dada yako, niliyechelewa na ninayekupenda,

Clarisse