Sikukukimbia, Nilikuwa Nawashwa

Mume wangu, mwanga wa macho yangu,

Simu zangu hupokei, basi nimemwomba dereva wa lori la kazini kwenu akufikishie barua hii pamoja na dawa. Sisi wazima. Mama yako ananitania tu: "Bibi harusi gani analala na soksi mikononi?"

Kipenzi, uliondoka umenuna ukidhani nimekuchoka kwa kuwa nilihamia mkekani. Haki ya Mungu, sikukukimbia! Nilikuwa nawashwa mpaka machozi yananitoka; hizo soksi navaa nisijikune usingizini. Vipele vilijaa kati ya vidole na kiunoni, nikaona haya. Nilidhani ukiviona utanirudisha kwetu. Nikajisugua kwa sabuni ya kufulia, ngozi ikachubuka.

Leo nesi wa zahanati amenitazama vidole, akacheka. "Huu upele, mwanangu. Si uchafu wala jicho la mtu. Ni vidudu vinavyochimba ngozini, na vinawapenda wanaokumbatiana. Ukijitibu peke yako, mumeo atakurudishia." Akanipa dawa ya kupaka ya sisi sote.

Kumbe huenda nawe unajikuna huko! Nakusihi uje Jumamosi tujipake dawa pamoja. Ukinyimwa ruhusa, jipake hukohuko jioni hiyo, toka shingoni hadi nyayoni, ulale nayo. Asubuhi ufue nguo na mashuka kwa maji ya moto. Mimi na mama tutajipaka siku hiyohiyo.

Ila mgongo wangu siufikii, na mama nimemkatalia. Nataka mkono wako. Kitanda hiki bila wewe kitaniua, mpenzi. Njoo, hata kama bado umenuna.

Wako peke yako,
Mkeo