Adhiambo Haendi Port Victoria

Kambi ya Mkonge, upande wa Voi
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa dada yangu Peres, Mama Adhiambo, huko Kisian,

Pokea mkono wangu kutoka huku mbali, mimi ndugu yako wa tumbo moja. Goti lako limepoa au bado linakusumbua ukipanda kutoka ziwani? Na mvua, imewafikia, au mnatazama tu mawingu yakipita kwenda Ahero kuwafurikia watu ambao hawakuyaita? Mimi mwili hauna neno. Jua la huku linachoma mpaka mijusi wanatafuta kivuli cha mtu, na wanapenda changu kwa sababu ndicho kikubwa. Mwezi uliopita ndovu kumi na saba waliingia katika mkonge. Watu wote walikimbia, meneja mwenyewe akapanda juu ya tangi la maji. Mimi nikasimama pale pale, nikapiga debe, nikamtukana yule mkubwa wao kwa Kijaluo, matusi yetu ya ziwani, akakunja masikio akageuza wenzake wote. Tangu siku hiyo meneja haamui jambo bila kuniuliza, Zablon, unaonaje. Mama watoto yuko salama, amefuga kuku wengi mpaka majirani wanalalamika.

Hizo ndizo habari zangu. Sasa nataka nisikilizwe.

Umeona naandika kwa Kiswahili wala si kwa lugha yetu. Ni kwa sababu barua hii si yako peke yako. Wewe husomi, najua anayekusomea ni Adhiambo, na ni yeye aliyeandika ile uliyonitumia. Lakini Jumamosi watu wa Port Victoria watakapokuja kukaa na mume wako, shemeji yangu Owuor, nataka isomwe mbele yao, yote, pasipo kuruka, mpaka pale nitakapomaliza na shemeji. Wao si Wajaluo, na sitaki waseme baadaye kwamba walitafsiriwa vibaya. Kiswahili tunaelewana sote.

Peres, barua yako nimeisoma mara nne, na kila mara nainuka kwenda nje kutembea. Umeanza na ng'ombe aliyezaa. Umefuata na bati la jikoni lililong'olewa na upepo. Halafu katikati hapo, kama mtu anayeazima chumvi, unasema wakwe wanaomba Adhiambo aende akashike nyumba ya marehemu dada yake Auma, alee wale watoto wawili, awe mke wa Wandera aliyekuwa mume wa Auma, na ati baba yake hawezi kujibu kabla mjomba hajasema. Kisha ukaendelea na habari za kwaya. Hivi huko mna nini nyinyi?

Mtu asinifundishe desturi. Nimekaa katika vikao vingi kuliko chifu. Najua mke akifa akaacha watoto wadogo, kwao wanaweza kuombwa mdogo wake ili nyumba isipoe, na najua mjomba lazima aulizwe. Lakini hiyo ni ya mke aliyechukuliwa na homa, au aliyefia kwenye uzazi. Mtu anavunja chungu chetu kwa mikono yake, halafu anatuma wazee waje kuomba kingine, na shemeji yangu anawawekea viti.

Kwenye mazishi walituambia Auma aliteleza juu ya mawe akichota maji. Mchungaji akarudia hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimesafiri siku mbili, nikapewa kiti cha mbele, nikaketi kama mtu mkubwa, nikala chakula chao. Wewe ndiye uliyenivuta nyuma ya jiko ukaniambia kwamba wewe na shangazi yake Wandera ndio mlioosha mwili. Ulisema mgongo ulikuwa na alama pana za kasia la mtumbwi, mpya juu ya za zamani, na za zamani juu ya zingine. Jiwe halirudi kumpiga mtu mahali pale pale kwa miaka mitatu. Hilo ulilijua, shangazi alilijua, nami nikalijua, tukarudi kuketi. Sasa ukimya wetu huo ndio umewapa hao watu nguvu ya kurudi na kuomba mwingine.

Nisikilize sasa, na shemeji asikilize. Tangu tumzike Auma kila mtu anamtaja Wandera tu, hata mimi. Hakuna aliyeniuliza mimi nilifanya nini.

Mnakumbuka ile Desemba Auma aliporudi nyumbani, taya limevimba, ugali haumezeki, anakunywa uji kwa kijiko. Mimi nilikuwa kwenu kwa likizo, na viatu vipya, na redio yangu ya betri sita. Wazee watano wakaja kumwombea Wandera msamaha. Walibeba samaki mbuta mkubwa ajabu, mkia unakwaruza chini, kichwa kiko begani mwa mtu. Shemeji Owuor hakuwa na haraka ya kumrudisha mtoto wake, nitasema ukweli. Alisema, tumngoje mjomba wake aseme.

Kabla sijasimama Auma aliniita uani, pale alipokuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani. Akaniambia, "Mjomba, baba atafuata neno lako. Ukisema nibaki, nitabaki."

Nikamwambia, "Jikaze, nyathina. Wewe ni mtoto wangu, siwezi kukupoteza. Wanawake wote wanapitia hayo."

Akaniuliza, "Umeliangalia taya langu?"

Nikasema nimeliangalia. Sikuwa nimeliangalia, Peres. Nilikuwa natazama mlango wa nyumba kubwa, naogopa wazee wataanza bila mimi.

Halafu nikaingia nikasimama. Nilisema tangu jua liko juu mpaka kuku walipoanza kuingia vibandani. Nikawaambia Wandera hana ubaya, ni hasira za mtu anayeshinda majini. Nikawapa hadithi za ndoa yangu, na za meneja na mke wake, wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mzee wao mkubwa akasema mtu kama mimi angefaa kuwa diwani. Hapa siongezi chumvi, ningetamani iwe chumvi. Tulikula yule samaki, na kesho yake sanduku la Auma nililibeba mwenyewe mpaka barabara ya Busia. Njiani nilikuwa naongea bado.

Mwenye kasia ni Wandera. Lakini mtoto alitoka kwa huyo Wandera kwa miguu yake, akaja kwetu, na aliyemrudisha ni mdomo wangu. Ndiyo maana nikiambiwa leo kwamba mnangoja tena neno langu, nasikia kama mtu ananipaka pilipili machoni. Mlilisikia neno langu mara ya kwanza. Lilimpeleka wapi?

Haya, neno ndilo hili. Nyinyi wazee wa Port Victoria, mjomba amekataa. Hakuna kusema nirudiwe, nitumiwe watu, niletewe samaki. Adhiambo haendi, si mwaka huu wala akimaliza shule. Watoto wa Auma ni damu yenu na ni damu yetu. Waleteni Kisian wakae na nyanya yao Peres, na kama hamtaki, mama yake Wandera yuko na nguvu za kulima ekari mbili, basi atawapikia uji. Na kama Wandera mwenyewe amekuja akaketi hapo, mwambieni ainue uso wakati haya yanasomwa.

Shemeji Owuor, nakuheshimu. Usiniambie habari za undugu kuvunjika. Undugu ulivunjikia kwenye mgongo wa mtoto wako. Wewe ulisita ile siku, na ulikuwa na akili kuliko mimi mwenye maneno mengi. Sasa usisite.

Peres, haya yanayofuata wageni wasisomewe. Wewe na yule shangazi mtaandikisha polisi mliyoyaona mkiosha. Najua anaogopa, yuko katikati ya watu wake. Mfuate sokoni, usimfuate nyumbani. Nami nitaandikisha ya taya, na ya kikao, na maneno niliyoyasema, hata kama yananitia aibu. Niliomba ruhusa ya wiki mbili, na huyo meneja, baada ya ndovu wote wale, amekataa. Nimemwambia mwisho wa mwezi naondoka, akitaka kuniandikia barua ya kunifuta aiandike kwa herufi kubwa. Nikifika tutaenda kituoni sote watatu.

Nisalimie mama mkwe wako, mwambie dawa ya macho nimeipata. Msalimie jirani yako mjane, yule aliyetuletea kuni siku za msiba bila kuitwa. Fundi wa cherehani hapo madukani mwambie suruali aliyonishonea bado inashika, ingawa mimi nimenenepa. Salamu kwa kwaya yote. Mama watoto wangu anakusalimu, analia akitaja jina la Auma, nami natoka nje.

Ni mimi ndugu yako,
Zablon, nyapara wa kata ya tatu, anayeaminiwa na wote.

Adhiambo, hapa ni wewe. Mwambie mama apumzike kidogo, hili ni letu wawili. Jumamosi watasema mpe mwalimu asome, au mpe mtu mzima. Kataa. Ulilolisoma jikoni ndilo utakalolisoma sebuleni, hata pale nilipojisema mimi. Ukikwama, kunywa maji, endelea. Ukifika mwisho wa maneno ya baba yako usisimame kungoja watajibu nini, kwa sababu hawakuulizi wewe, na mimi nimekwisha kujibu. Mpe mama karatasi, toka nje, ufue yunifomu. Jumatatu ni shule.