Kompyuta Iliyorudi kwa Posta

Kitindamimba wangu,

Chakula kiko kwenye sufuria. Anua nguo kabla mvua haijanyesha. ~~Ukiogopa, mpigie mjomba aje akae nawe.~~ Hapana, usimpigie.

Ile kompyuta ya mtumba niliyoagiza kwa posta imefika asubuhi. Usiiguse, na usininunie, sikiliza kwanza. Nimefungua boksi kwa bashasha, kuigeuza tu nakutana na kibandiko chako cha kipepeo. Ni yetu, mwanangu! Ile ile iliyoibwa tulipokwenda msibani. Mwizi ametuuzia mali yetu wenyewe.

Lakini kilichonikata maini ni maandishi juu ya boksi, ya kumwelekeza mleta mizigo: “Kengele mbovu. Gonga dirisha la jikoni.” Kwenye fomu mimi niliandika anwani tu. Habari za kengele wanazijua wa nyumbani. Na mwandiko ule naujua tangu utoto wangu. Kikulacho… malizia mwenyewe.

Nimekwenda kumleta fundi abadilishe kitasa. Wewe tia komeo. Mtu akigonga dirisha la jikoni, kaa kimya, hata akiwa mjomba wako.

Hasa akiwa mjomba wako.

Mama